Nilipanda gari katikati ya hija ya miguu: je, naweza kusema nilifika Namugongo?

Mpendwa Mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili katika Kaunti ya Kakamega, nina mke na watoto wawili, na umri wangu umevuka miaka 40. Nakuandikia kuhusu jambo ambalo wengi wataliona dogo, na kuna siku hata mimi huliona dogo, lakini limeninyima usingizi tangu mwezi wa Juni na sasa limenifanya nianze kuwakwepa watu wa parokia yangu.

Mwaka huu nilijiunga na kundi la mahujaji wanaokwenda Namugongo, Uganda, kwa miguu, kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kwa sababu ya imani yao, inayoadhimishwa tarehe 3 Juni. Tulivuka mpaka pale Busia, tukafuata barabara kuu ya kupitia Bugiri na Iganga, tukilala katika kumbi za parokia na madarasa ya shule, na kuamka usiku wa manane ili tuwe tumekwenda mbali kabla jua halijawa kali. Kila mmoja wetu alikuwa amebeba nia yake. Yangu sikumweleza mtu, na ili uielewe inabidi nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwa frateri, yaani kijana anayesomea upadri. Niliondoka seminari kuu nikiwa mwaka wa pili wa teolojia. Hakuna aliyenifukuza, nilimwendea mwenyewe gombera, yaani mkuu wa seminari, kisha nikamwandikia askofu, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba kilichokuwa kikinisukuma mbele ni hofu ya kuwavunja watu moyo, na kwamba wito wenyewe sikuusikia tena. Nyumbani mama alikuwa akimfuga fahali kwa ajili ya sherehe ya Misa yangu ya kwanza. Siku niliyofika na sanduku langu hakusema neno, alinipakulia chakula tu. Fahali yule aliuzwa mwaka uliofuata, nilipopata nafasi chuoni na karo ya kwanza ikahitajika, na hatukuwahi kulizungumzia jambo lile mpaka alipofariki. Kijijini wapo wanaoniita "Fatha" hadi leo, baadhi yao kwa mapenzi na baadhi kwa kejeli, na hata wanafunzi wangu wamelipata jina hilo.

Basi nia yangu ilikuwa hii: nimalize kitu kimoja kikubwa kwa miguu yangu mwenyewe, bila kuishia njiani, kisha nimwambie mama, huko aliko, kwamba mwanawe anaweza kufika.

Mwanzo wa safari ulikuwa mzuri kuliko nilivyotarajia. Kila asubuhi, baada ya rozari, kiongozi wetu alituagiza tutembee kimya kwa muda, na katika kimya kile, huku nikisikia hatua za wenzangu na malori yanayopita tu, niliyakumbuka mambo ambayo nilidhani nimeyasahau: sura ya mama siku ile, sauti ya gombera, hata harufu ya bweni letu. Nililia mara kadhaa nikiwa natembea, na hakuna aliyeniuliza kitu. Lakini tulipokuwa tumepita Iganga, malengelenge ya kisigino yalikuwa yamepasuka, kidonda kikaingia uchafu, na homa ikanishika. Muuguzi wa msafara aliutazama mguu wangu mara moja tu, akaniamuru nipande gari. Nilibishana naye. Mwishowe nilipanda.

Humo ndani nilimkuta bibi mmoja aliyepita miaka 70, ambaye magoti yalikuwa yamevimba, na msichana mwenye pumu. Bibi yule alisali njia nzima na kutugawia karanga, akatufundisha hata wimbo wa ujana wake, nilimheshimu sana. Mimi nilikaa nikitazama dirishani. Mashamba ya miwa ya Kakira yakapita, tukauvuka Mto Nile pale Jinja, tukaukata msitu wa Mabira, na kila nilipowaona mahujaji wa makundi mengine wakichechemea kando ya barabara nilijificha uso. Tulipofika Mukono homa ilikuwa imeshuka, nikaomba nishuke, nikaikamilisha sehemu iliyobaki kwa miguu. Tulipoingia Namugongo wenyeji walitupokea kwa vigelegele, wakituambia "Mukulike!" kama wanavyowaambia watu waliotoka safari, nami nikapokea pongezi pamoja na wengine.

Tangu tuliporudi, parokia nzima inanihesabu miongoni mwa waliotembea mwanzo hadi mwisho, na sikuwahi kuwasahihisha. Sasa paroko ameniomba nitoe ushuhuda baada ya Misa ya Jumapili. Mke wangu, ambaye anaujua ukweli wote, anasema nisimame niseme nilipanda gari, yaishe. Kwake ni jambo la dakika moja.

Nisaidie. Je, nikubali kutoa ushuhuda? Je, nirudi mwakani nianzie Iganga, pale nilipoachia? Na lililo kubwa zaidi: mtu hujikubali vipi ikiwa kila barabara anayoianza inamwonyesha kwamba yeye ni mtu wa kuishia njiani?

Wako katika Kristo,
Mwalimu, Kakamega

---

Mwalimu,

Milele na milele, amina. Na pole kwa mwendo.

Nitaanza na suala la gari, kwa sababu ingawa ndilo unaloliona kubwa, kwangu ndilo jepesi. Ulihiji. Mahujaji wengi wanaojaa Namugongo kila tarehe 3 Juni hufika kwa mabasi, kwa matatu na kwa bodaboda, na hakuna askofu anayesimama langoni kuwauliza wametumia usafiri gani. Kutembea ni sadaka ambayo mtu huichagua mwenyewe, na sadaka ya hiari haigeuki kuwa deni kwa sababu mwili umeshindwa kuitoa yote. Wewe mwenyewe unalijua hilo kuhusu watu wengine. Umeniandikia kwamba ulimheshimu bibi wa magoti yaliyovimba. Hukuandika hata kwa fumbo kwamba yeye hakuhiji. Mlikaa kiti kimoja na mkala karanga zilezile, lakini yeye ukamwona mhujaji na wewe ukajiona mdanganyifu. Swali langu la kwanza kwako ni hilo: sheria hiyo inayokuhukumu wewe peke yako, aliitunga nani?

Kwa kuwa ulipita teolojia, huenda historia ya mashahidi unaijua kuliko mimi, lakini nakuomba uisome upya ukiwa na kisigino chako akilini. Tunaposema Namugongo, wengi wetu huona moto ule wa tarehe 3 Juni 1886 tu, na Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana wa ikulu, na wenzake ndani yake. Hata hivyo, kati ya Wakatoliki 22 ambao Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, waliofia Namugongo ni 13. Tisa hawakufia pale. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa ameuawa tangu Novemba 1885. Noa Mawaggali aliuawa Mityana. Yohana Maria Muzeeyi aliuawa Januari 1887, wakati majivu ya Namugongo yalikuwa yamepoa kwa miezi kadhaa. Na kati ya waliotolewa Munyonyo, kwenye ikulu ya mfalme, wakiwa wamefungwa, wakaswagwa kuelekea Namugongo, wapo walioishia njiani, kwa maana halisi kabisa ya maneno hayo unayojitukania.

Mmoja wao ni Gonzaga Gonza, mzaliwa wa Busoga, nchi ileile uliyokuwa ukiivuka homa ilipokushika. Pingu za miguuni zilikuwa zimemchuna mpaka hakuweza tena kwenda, akaanguka, na wauaji wakammalizia hapo Lubaawo tarehe 27 Mei, wiki moja kabla ya moto. Hakufika. Miguu yake ndiyo iliyomzuia. Kanisa lilipokaa kumchunguza halikumwekea alama ya kasoro kwa kilomita ambazo hakuzitembea, na jina lake linasomwa katika litania pamoja na ya waliofika.

Usinielewe vibaya. Sikufananishi na Gonza. Yeye alikuwa na pingu za mfalme, wewe ulikuwa na raba zilizokubana. Ninachotaka ukione ni kwamba hata hadithi unayoitumia kujipimia haina kipimo hicho ndani yake.

Wapo pia wengine ambao mahubiri ya siku ile huwagusa kwa nadra. Vijana wachache wa ikulu waliohukumiwa pamoja na Lwanga, akiwemo Denis Kamyuka, walifikishwa Namugongo kisha wakaachiliwa dakika za mwisho, wakawaona rafiki zao wakiteketea, na wao wakarudi kuishi. Mara nyingi nimejiuliza walilalaje usiku ule. Hawakuuomba msamaha waliopewa, na bila shaka wapo waliowatazama kwa jicho la kuuliza: kwa nini wewe uko hai? Lakini mengi tunayoyajua leo kuhusu saa za mwisho za mashahidi yalitokana na ushahidi wa vijana hao walipokuwa watu wazima. Walikuwa na kazi ambayo mtu aliyekwisha kufa asingeweza kuifanya.

Sasa tuzungumze juu ya seminari, kwa kuwa ndiko barua yako inakotoka hasa.

Unasema uliishia njiani. Mimi, niliposoma maelezo yako, nilimwona mtu aliyefanya kile ambacho seminari imewekwa ili kifanyike. Miaka ile yote ya falsafa, teolojia na malezi haikuwekwa ili kila aliyeingia mlangoni atoke akiwa padri; imewekwa ili yeye na Kanisa watambue pamoja kama huo ndio wito wake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 ina kanuni uliyofundishwa, ya 1026, inayotaka anayepewa daraja takatifu, kama upadri, awe huru na kukataza kabisa mtu kulazimishwa kwa njia yoyote na kwa sababu yoyote ile. Ya 1036 inamtaka aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba anaipokea daraja kwa hiari yake. Jiulize, kama ungebaki, ungeliandika nini katika karatasi ile? Ungeandika uongo kwa mkono wako, na juu ya uongo huo ungejengewa altare, ungesikiliza maungamo ya watu na kuzika wafu wao huku ukijua kwamba uko pale kwa sababu ya fahali. Ulimwendea gombera. Ulimwandikia askofu. Hukutoroka usiku wala hukungoja ufukuzwe. Nimewahi kupokea barua za watu walioendelea kwa hofu ileile uliyokuwa nayo, katika upadri, katika utawa na katika ndoa pia, na ningependa sana kama angalau mmoja wao angelikuwa na ujasiri wako wa siku ile.

Kuna jambo jingine nililoliona katika barua yako, na nimelisoma mara tatu kabla ya kuamua kuliandika. Juu ya gari umeandika kwa kirefu, na mashamba ya miwa umeyataja. Juu ya mama yako umeandika machache mno, na katika machache hayo umepita haraka mahali ambapo mimi nilisimama. Unasema fahali aliuzwa ulipopata nafasi chuoni na karo ikahitajika. Aliuzwa na nani, Mwalimu? Na aliuzwa ili nini? Mama alikuwa na mnyama mmoja aliyemtunza kwa ajili ya siku kubwa ya mwanawe. Mwana akarudi na kusema siku hiyo haitakuwapo. Naye akamtoa mnyama yuleyule ili mwana huyo huyo asome ualimu. Umeishi miaka yote hii ukingoja neno la mama, na mimi nadhani alilisema sokoni siku ile alipoifungua kamba mikononi mwake na kumkabidhi mnunuzi. Sitaapa juu ya moyo wa marehemu, na huenda alihuzunika kweli, kwa sababu wazazi huhuzunika. Lakini akina mama wengi wa rika lake hawakuzoea kuketi na watoto wao na kuyachambua mambo ya moyoni kwa maneno. Walipakua chakula. Waliuza ng'ombe. Na wewe, msomi, ukangoja hotuba.

Ndiyo maana nasema nia uliyoibeba ilikuwa na kasoro tangu Busia, kabla ya malengelenge. Ulitaka kumthibitishia mama jambo ambalo sidhani aliwahi kukudai, na ulitaka barabara ikupe hukumu mpya ya kuifuta ile ya zamani. Barabara ndefu haina uwezo huo. Inachoweza ni kile ilichokufanyia asubuhi zile za kimya: kukuchosha mpaka ukaacha kujilinda, na yale uliyoyafukia yakajitokeza. Kulia kwako kati ya Busia na Iganga, bila mtu kukuuliza kitu, ndiyo hija uliyokuwa umeiendea, na ilikuwa imeshafanyika kwa sehemu kubwa kabla gari halijasimama kando yako. Nasikitika kwamba ulipopanda uliyaacha yale machozi barabarani na kuanza kuhesabu kilomita.

Unaniuliza mtu hujikubali vipi. Sina kanuni ya kukupa, na huwa nawaogopa wenye kanuni. Nimeona tu kwamba watu wanaofika mahali hapo huwa wameacha kujitetea. Mtu anayejitetea hutafuta ushahidi kila siku kwamba yeye si mtu wa aina fulani, na kila siku ushahidi hautoshi, kwa sababu kesho atajikwaa tena. Anayejikubali anaweza kusema "niliondoka seminari" kwa sauti ileile anayosemea "nafundisha Kiswahili kidato cha tatu", bila kuongeza maelezo. Hiyo haiji kwa siku moja, na wala haina maana ya kuridhika na kila kosa; uongo mdogo ulioachia uendelee parokiani, kwa mfano, si kitu cha kukikubali, ni kitu cha kukisahihisha. Ninakutenganishia mambo hayo mawili kwa makusudi. Udhaifu wa mguu hauna hatia ndani yake. Kunyamaza ulipopongezwa kuna hatia kidogo, na dawa yake ni fupi.

Kwa hiyo mkeo yuko sahihi kuhusu dakika moja, ingawa nadhani haoni kwa nini dakika hiyo ni nzito kwako. Nenda kwanza kwa paroko, ana kwa ana, kabla ya Jumapili, umweleze kwamba kutoka Iganga hadi Mukono ulisafirishwa kwa sababu ya homa na kwamba ulinyamaza waliokupongeza walipodhani vinginevyo. Kisha, akikuruhusu uendelee, kubali kutoa ushuhuda. Sentensi ya gari iweke mapema, useme bila kujidhalilisha na bila kutafuta kuonewa huruma, kisha uendelee na mambo mengine. Usiifanye Misa kuwa maungamo ya hadhara, wala usiwalazimishe watu wakufariji. Waeleze juu ya bibi wa karanga. Waeleze juu ya kimya cha asubuhi. Habari za seminari na za mama si lazima uzitoe pale mbele. Hizo mtafutie mtu mmoja unayemwamini, padri mlezi wa kiroho au rafiki mliyesoma naye, na umweleze zote, pamoja na fahali. Ukimaliza, rudi kwa mkeo umweleze pia, kwa maana nashuku kwamba anaujua ukweli wa gari lakini huu wa nia hujamwambia.

Kuhusu mwakani, ushauri wangu ni kwamba usirudi ili kuanzia Iganga. Kipande kile cha barabara hakikudai kitu. Ukijisikia kwenda tena, anzia Busia kama wengine na uende na nia nyingine, au ukae na viongozi wa msafara uwaombe wakupe kazi katika gari la wagonjwa. Wanahitaji mtu anayejua hali ya aliyepandishwa humo huku akibishana na muuguzi. Na ukiona hutaki kwenda kabisa, baki nyumbani. Namugongo si wajibu.

Wale wanaokuita "Fatha" kwa mapenzi, waitikie. Wale wa kejeli watachoka wakikuta jina halikuumi, na wanafunzi huchoka mapema zaidi, wewe ni mwalimu unalijua hilo.

Mwisho ni mguu wenyewe. Umeniambia kidonda kilipata uchafu na ukashikwa na homa, lakini hukuniambia kama kimepona. Kama hadi leo hakijafunga, au kama kilichukua muda mrefu kufunga, nenda kituo cha afya wiki hii wakuangalie na wakupime sukari, kwa sababu kidonda cha mguu kinachochelewa kupona kwa mtu wa umri wako si jambo la kulivumilia kama sehemu ya toba.

Wako,
Mshauri